Mtaalamu wa Tiba kwa Vitendo: Ni Nani, na Tutampata Wapi?



Sisi wauguzi huulizwa mara nyingi swali hili: "Sista, mgonjwa wetu amemaliza dawa zote, lakini bado hawezi kula wala kuvaa mwenyewe. Je, haipo sindano nyingine?" Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kijana aliyeumia mgongo kwa ajali ya pikipiki, wote hufikia siku ambayo daktari amemaliza sehemu yake ya kazi. Familia nyingi hudhani kwamba hapo msaada umekwisha. Wengine humrudisha mgonjwa nyumbani na kumlaza chumbani. Wengine huuza ng'ombe ili kumzungusha kwa waganga.

Msaada haujaisha. Yuko mtaalamu ambaye kazi yake huanza hasa pale dawa zinapokoma. Anaitwa mtoa tiba kwa vitendo. Mwezi huu tungependa familia za Musoma, Bunda na Butiama zimfahamu, zijue njia ya kumfikia, na zijue la kufanya wakati zinamtafuta.

Kazi yake ni nini?

Wengi wetu tunamfahamu mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba kwa mazoezi. Huyo hushughulikia viungo na misuli ili mtu aweze kunyoosha mkono, kusimama au kutembea. Mtoa tiba kwa vitendo huanzia penye shughuli za kila siku. Huuliza: mtu huyu anataka kufanya nini, na ni kitu gani kinachomzuia? Kula, kuoga, kwenda chooni, kuvaa, kupika, kuandika, kucheza, kufanya kazi ya kumpatia riziki, hivyo vyote ni vitendo anavyovishughulikia. Wataalamu hawa wawili hawashindani. Aghalabu mgonjwa huwahitaji wote.

Tuchukue mifano. Mvuvi amepata kiharusi na mkono wa kuume hauna nguvu. Mtaalamu atamfundisha kuvaa shati kwa kuanza na mkono ulio dhaifu, na kulivua kwa kuanza na ulio mzima. Atazungushia mpini wa kijiko vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, uwe mnene na ushikike. Atatazama pia kama anaweza kurudia sehemu ya kazi yake, mathalani kushona nyavu akiwa ameketi, hata kama hawezi tena kuingia ziwani.

Mama aliyekatwa mguu atafundishwa jinsi ya kupanga jiko lake: meko yainuliwe, maji yawekwe karibu, na kuwe na kigoda imara cha kukalia anapochambua mboga. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo atatafutiwa namna ya kukaa wima ili aone wenzake, atumie mikono na ale bila kupaliwa. Mwenye ulemavu wa akili, au mgonjwa wa akili aliyepata nafuu, atasaidiwa kupata ratiba ya siku na kazi anayoiweza.

Kwa nini tusichelewe?

Kiungo kisichotumika hukakamaa. Goti lililokunjwa kwa miezi mingi hufika mahali likagoma kunyooka, na hapo mazoezi peke yake huenda yasitoshe tena. Anayelala upande mmoja kutwa nzima hupata vidonda, na vidonda hivyo vinaweza kumwua. Mtoto anayelishwa akiwa amelala chali, chakula huweza kumwingia mapafuni akapata nimonia. Tena ubongo wa mtoto hujifunza upesi zaidi katika miaka ya mwanzo ya maisha. Miaka hiyo ikipita tukingoja, hatuwezi kuirudisha.

Kwa hiyo mpelekeni mtoto kliniki msisubiri "atakua tu" mkiona dalili hizi: hawezi kukaa bila kushikiliwa akiwa na miezi tisa au kumi, hatembei akiwa na miezi kumi na minane, mwili wake ni mgumu kama mti au umelegea kupita kiasi, hutumia mkono mmoja tu wakati hajatimiza mwaka, au hupaliwa kila anapokula. Chukueni kadi ya kliniki, na mwelezeni mhudumu jinsi mtoto alivyozaliwa: alilia mara moja au alichelewa? Alipata manjano, homa kali au degedege?

Njia ya kumpata

Tuseme ukweli: wataalamu hawa ni wachache nchini, wala hawapo katika kila hospitali. Ndiyo sababu inafaa kuwa na mpango.

1. Anzeni karibu. Nendeni zahanati au kituo cha afya, mkaombe kuandikiwa rufaa kwa ajili ya huduma za utengamao. Neno hili lina maana ya huduma za kumrudishia mtu uwezo wake wa kuishi na kufanya kazi. Litumieni, maana wahudumu wanalifahamu.

2. Nendeni hospitali ya wilaya, au Hospitali Teule ya Bunda kwa walio upande huo. Mulizeni kwa jina la kazi: "Je, hapa yupo mtoa tiba kwa vitendo? Kama hayupo, yupo wa tiba kwa mazoezi?" Huyu wa pili hupatikana kwa urahisi zaidi, na ndiye mlango wa kwanza. Atamwanzishia mgonjwa mazoezi na kuwaelekeza pa kwenda.

3. Hatua ifuatayo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mara, yenye jina la Mwalimu Nyerere, iliyoko Kwangwa, Musoma. Kwa mtu wa Butiama, Musoma ni karibu kuliko Mwanza, basi aulize hapo kwanza.

4. Ikishindikana, ipo Bugando jijini Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, ambayo imehudumia watu wa Mara tangu ilipofunguliwa mwaka 1971. Kutoka Musoma ni safari ya kilometa zipatazo 220.

5. Mbali zaidi ziko KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam. KCMC hufundishwa watoa tiba kwa vitendo. Huko pia kipo chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. CCBRT ilianza mwaka 1994 kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Msiende huko kwa kubahatisha. Pateni barua ya rufaa, na pigeni simu kwanza kujua siku za kliniki na gharama.

Kwa vijana wanaotafuta ufundi, ulizieni pia kituo cha Lake Victoria Disability Centre cha Musoma, kilichoanzishwa ili kuwafundisha kazi za mikono vijana wenye ulemavu. Kujifunza kazi ni sehemu ya kupona.

Kuhusu gharama, ulizeni kabla ya huduma. Familia isiyo na uwezo imwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali au wa halmashauri. Msione haya kumwendea, kwani kusikiliza shida kama hizo ndiyo kazi yake. Kumbukeni pia kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Huduma za afya na utengamao zimo katika haki hizo. Anayeziomba hasihi fadhila ya mtu.

Jinsi ya kujiandaa kwa safari

Safari ya Mwanza hugharimu nauli, chakula na malazi. Isipotee bure. Anayepaswa kwenda na mgonjwa ni yule anayemlisha na kumwogesha kila siku, kwa sababu ndiye atakayefundishwa. Kama ni bibi, basi bibi aende. Akina baba nao wasibaki nyuma, maana ndio mara nyingi watakaotengeneza kiti au kurekebisha choo.

Chukueni karatasi zote za hospitali, dawa anazotumia na kifaa chochote alicho nacho. Andikeni mambo matatu mnayotaka aweze kufanya, kwa mfano: "Ale mwenyewe. Aende chooni bila kubebwa. Arudi shuleni." Pimeni upana wa mlango wa nyumba na wa choo, hasa kama mnatarajia kiti cha magurudumu. Kiti kisichopita mlangoni huishia kuwa pambo la uani.

Kabla ya kuondoka ulizeni: tufanye nini nyumbani kila siku, mara ngapi, na turudi lini? Ombeni muoneshwe kwa vitendo, kisha nanyi mfanye mbele ya mtaalamu mpaka aseme mmepatia.

Wakati mnangoja

Yapo mambo mnayoweza kuanza leo bila madhara. Mtoto alishwe akiwa ameketi, kichwa kikiwa wima na kimeinama mbele kidogo, magoti yamekunjwa na nyayo zimeegemea kitu. Mpeni kidogo kidogo, na subirini ameze. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ngozi ikaguliwe kila siku. Mkono uliopooza usivutwe kwa nguvu wakati wa kumwinua, kwani bega huweza kuteguka. Mgonjwa wa kifafa asiachishwe dawa kwa sababu ameanza mazoezi.

Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha pembeni ya ukuta au vyuma vya kushikilia chooni akipewa vipimo. Kuna pia viti vya karatasi, utaalamu ulioanzia Zimbabwe. Maboksi na magazeti makuukuu hubandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga, yakikauka huwa magumu kama ubao. Lakini kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kipimwe na mtaalamu, kwani kiti kibaya huweza kumpinda mgongo zaidi.

Zaidi ya yote, mwacheni mgonjwa afanye anachokiweza, hata kama anachelewa na kumwaga mchuzi. Kumfanyia kila kitu ni upendo, lakini ni upendo unaomdhoofisha.

Jumuiya zinaweza nini?

Familia moja hushindwa nauli, lakini nyumba kumi za jumuiya ndogo ndogo huweza kuichanga. Jumuiya yaweza pia kuorodhesha watu wenye ulemavu walioko majumbani, maana wapo wanaofichwa, kisha ikawaomba wahudumu wa afya wapange siku moja ya kuwaona wote. Mtaalamu mmoja adimu akikuta watu ishirini mahali pamoja, kazi yake huzaa zaidi. Wengine wamezoea kusema ulemavu ni laana au umetokana na uchawi. Maneno hayo humfungia mtoto ndani, na mtoto aliyefungiwa hakuna mtaalamu atakayemwona.

Basi mwezi huu, kila aliye na mgonjwa wa namna hii nyumbani aende zahanati iliyo karibu naye akaulize habari za utengamao. Akijibiwa "hapa hayupo", asirudi nyumbani kabla hajaambiwa ni wapi alipo.