MALKIA WA MBINGU NA MIKATE YA JAMAA NZIMA

Fungua Biblia yako kwa Yeremia 7, mustari wa 18. Utaona kazi ya nyumba mu Yuda: watoto wanaokota kuni, wababa wanawasha moto, wamama wanakanda unga. Kazi nzuri ya jamaa, siyo? Kumbe ile mikate ni ya Malkia wa mbingu! Huyu alikuwa nani?

Wenye elimu wengi wanafikiri alikuwa Ishtar, mungu mke wa Mesopotamia, inchi inayoitwa leo Iraki, ao mwenzake Astarte wa Kanaani. Hata jina la Kiebrania la ile mikate linatoka katika luga ya Babeli, na kule ilikuwa mikate ya Ishtar.

Wasumeri walimwita Inanna. Miaka zaidi ya 5000 imepita tangu walipoanza kumwabudu mu mji wa Uruk. Nyumba yake kule iliitwa Eanna. Nyota yake ni Zuhura, ile unayoiona asubui mbele ya jua kutoka, ao magaribi likishuka. Nyama yake ni simba. Watu walimwomba mapendo, tena walimwomba ushindi mu vita. Tusiwacheke. Enheduanna, binti wa mfalme Sargon, alikuwa kuhani mu mji wa Ur, karibu miaka 2300 mbele ya Kristo. Wimbo unaobeba jina lake unaeleza namna alivyofukuzwa mu nyumba yake, akamlilia Inanna. Ile ni machozi ya mutu kweli.

Lakini sikia habari waliyoisimulia juu yake. Siku moja Inanna alishuka chini, mu inchi ya wafu. Kulikuwa milango 7. Kwa kila mulango walimvua kitu: taji, ushanga wa mawe ya buluu, hata nguo ya mwisho. Akafika uchi, akafa. Alipofufuliwa, wakamwambia: lazima mutu mwingine ashike nafasi yako. Alimtoa nani? Bwana yake mwenyewe, Dumuzi! Huyu ndiye Tamuzi ambaye wamama walimlilia kwa mulango wa hekalu la Yerusalema (Ezekieli 8:14).

Sasa soma Yeremia 44. Yerusalema imevunjwa, watu wamekimbilia Misri. Wanamjibu nabii bila haya: zamani tulipomtolea Malkia sadaka tulishiba, tangu tulipoacha, ni njaa na upanga tu. Wamama wanaongeza: bwana zetu walijua, walikubali. Unaona? Hawakumtafuta kwa muchezo. Walitafuta chakula na usalama.

Baba, mama, njaa ile tunaijua. Mushahara ukikawia, unga ukiisha, mutu anakuja kukunongoneza: "Leta kitu kidogo, utapata." Mu saa ile watoto wanaangalia wewe unawasha moto gani. Wale wa Yuda hawakufundishwa Malkia kwa masomo. Walifundishwa kwa kuokota kuni.

Inanna alimtoa bwana yake ili yeye aishi. Yesu alijitoa mwenyewe ili sisi tuishi. Tofauti ni pale.

Maulizo ya kuongea nyumbani:
1. Wakati wa njaa, jamaa yetu inakimbilia wapi?
2. Watoto wetu wanajifunza nini kwa kazi tunazowatuma?