Mthamini wa Nyumba na Masharti ya Leseni Yake Huko Marekani

Mtu afapo akaacha fedha taslimu, kazi ya kugawa mirathi ni nyepesi. Afapo akaacha nyumba, mambo hugeuka, kwani nyumba haikatwi vipande. Sharti kwanza ijulikane thamani yake, na yule anayeitaja thamani hiyo ndiye anayeyapima mafungu ya warithi wote.

Tuchukue mfano wa jamaa waishio Marekani, ambako wako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki walionunua nyumba, wengine kwa fedha zao na wengine kwa mkopo (na hilo la mkopo wa riba si mjadala wa leo). Baba amefariki, ameacha mke, mwana mmoja mwanamume na mabinti wawili, na wasia wake waagiza nyumba isiyo na deni igawanywe kwa sharia. Ikithaminiwa dola 240,000, mjane ana thumni, yaani dola 30,000. Zilizosalia 210,000 hugawanywa mafungu manne, mwana akapata 105,000 na kila binti 52,500. Sasa mwana ataka kubaki na nyumba na kuwalipa wenziwe. Mthamini akiandika 200,000 badala ya 240,000, mama atapunjwa dola 5,000 na kila binti dola 8,750, wala hapana hata mmoja atakayehisi kwamba ameibiwa.

Kwa hiyo kijana anayeuliza, "Nifanye nini nipate leseni ya uthamini?" auliza jambo kubwa kuliko adhaniavyo.

Zamani katika majimbo mengi ya Marekani mtu yeyote aliweza kujiita mthamini. Katika miaka ya 1980 vyama vya akiba na mikopo vilikopesha fedha nyingi kwa rehani ya majengo yaliyotiwa thamani ya uongo, kwa kuwa mkopaji aliitaka na mkopeshaji naye aliipenda. Baina ya 1986 na 1995 vyama zaidi ya 1,000 vilianguka, na walipa kodi wakabeba hasara ya zaidi ya dola bilioni 120. Uthamini mbovu haukuwa sababu pekee, lakini ulikuwamo. Ndipo mwezi wa Agosti 1989 ikapitishwa sheria iliyolitaka kila jimbo kuwa na wathamini wenye leseni kwa shughuli za mikopo zinazohusu serikali kuu. Kiwango cha chini cha elimu huwekwa na bodi moja ya taifa, iliyo chini ya Appraisal Foundation. Jimbo laweza kuzidisha, haliwezi kupunguza.

Anayeanza huwa mwanagenzi, baada ya masomo ya saa 75. Humo mna saa 15 za kanuni za kazi, zijulikanazo kwa herufi USPAP, na mtihani wake. Ili apate leseni ya kwanza, ambayo ni ya nyumba za kukaa zisizo na utata, zenye makazi yasiyozidi manne na thamani isiyofika dola 1,000,000, masomo hupanda hadi saa 150. Tena atimize saa 1,000 za kazi, kwa muda usiopungua miezi 6, kisha afanye mtihani wa taifa. Tangu 2018 leseni hii haihitaji masomo ya chuo kikuu. Anayetaka kuthamini maduka, viwanda na mashamba bila mpaka, huyo yampasa shahada, saa 300 za masomo na saa 3,000 za kazi katika muda usiopungua miezi 18. Wote huchunguzwa sifa zao na makosa yao ya nyuma.

Hesabu hizi hazitishi. Mlango mgumu ni ule wa saa za kazi, kwani mwanagenzi hana budi apate bwana wa kumfundisha: mthamini mwenye cheti cha jimbo kwa miaka isiyopungua 3, ambaye haruhusiwi kuwa na wanagenzi zaidi ya watatu. Wengi hawapendi kumlea atakayekuwa mshindani wao kesho, na aliyeingia aghalabu aliingia kwa mkono wa baba au mjomba. Mgeni asiye na jamaa katika kazi hiyo atazunguka sana. Kwa ajili hiyo tangu 2021 imeruhusiwa njia ya pili, iitwayo PAREA, ambapo mwanafunzi hufanya kazi za mfano kwa kompyuta chini ya uangalizi wa mwalimu. Majimbo mengi yameikubali, ila yafaa kuuliza kwanza bodi ya jimbo lako.

Apatapo leseni, mthamini haruhusiwi kupokea ujira unaofungamana na bei atakayoitaja. Tajiri akimwambia, "Ikifika bei hii nitakuzidishia," hapo hapo kazi imeharibika. Yampasa kutunza karatasi za kila kazi kwa miaka isiyopungua 5, na kusoma saa 14 kwa kila mwaka wa leseni yake.

Wala tusidhani kwamba dhuluma ya kalamu huko ilitoka kwa wala rushwa tu. Katika miaka ya 1930 ramani za serikali zilitia rangi nyekundu mitaa ya watu weusi, na wathamini wakafundishwa kwamba kuingia kwao hushusha bei ya mtaa. Jambo hilo lilikuwa katika vitabu vya kazi, wala halikufanywa kwa siri. Sheria ya 1968 ililikataza, lakini malalamiko hayakukoma, hata bodi ikaamua kwamba kuanzia 2026 wanaoingia kazini wasome saa 8 juu ya upendeleo katika uthamini na sheria za makazi.

Familia inayohitaji mthamini kwa ajili ya mirathi na imwambie tangu mwanzo ni thamani ya siku gani itakiwayo, siku ya kifo au siku ya kugawana, maana zaweza kutofautiana sana, na mthamini mjuzi aweza kuitafuta hata ya siku iliyopita. Kabla ya kumpa kazi na aulizwe nambari ya leseni, kisha jina lake litazamwe katika daftari la taifa la wathamini, ambalo liko wazi kwa kila mtu, bila malipo.