Ukuta Mpya Una Maji Ndani Yake



Umekandika nyumba yako upya, na kazi hiyo ni njema. Kimputu hupenda kujificha katika nyufa za ukuta na za sakafu. Usiku hutoka kunyonya damu ya watu waliolala, akiwaachia homa inayokwenda na kurudi. Ukiziba nyufa, umemnyima maficho. Lakini sasa umekwisha kushika brashi ya rangi, kwa kuwa wageni wa arusi watafika Jumamosi. Ngoja kwanza.

Ulipochanganya udongo au simenti, ulitia ndoo ngapi za maji? Mengi ya maji hayo yangali ukutani, yakitafuta njia ya kutoka. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake, unayafungia ndani. Rangi itavimba kama ngozi iliyoungua, kisha itabanduka, na pesa zako zimepotea. Tena kuvu nyeusi itaota nyuma ya kitanda, penye unyevu. Mtoto anayelala hapo atakohoa, na mwenye pumu atabanwa kifua.

Basi fanya hivi:

1. Udongo. Acha tabaka la kwanza likauke na kupasuka, kisha ziba nyufa kwa tabaka la pili jembamba. Ngoja mpaka ukuta wote uwe na rangi moja. Palipo peusi bado pana maji.

2. Simenti. Inyunyizie maji kila siku katika juma la kwanza, isipasuke. Halafu iache. Kabla ya rangi ya mafuta, yapite majuma manne tangu siku ya kukandika. Wakati wa mvua, ngoja zaidi.

3. Chokaa. Hii hupitisha mvuke, kwa hiyo haihitaji kungoja sana. Iwe nyepesi kama maziwa. Paka mara mbili au tatu, ukiacha siku moja katikati. Weka watoto mbali, maana chokaa huunguza macho. Ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, muda wa nusu saa, ndipo uje hospitali mbio.

Je, utajuaje kama ukuta umekauka? Jioni bandika kipande cha plastiki ukutani, uzibe kando zote. Asubuhi ukiona matone ndani yake, bado.

Sasa sikia neno lililo kubwa kuliko yote. Wengine hukosa subira. Huingiza mbabula ya makala chumbani, hufunga mlango na dirisha ili ukuta ukauke upesi, nao hulala humo. Usifanye hivyo kamwe! Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unamlemea mtu, naye haamki tena. Asubuhi majirani wanabisha hodi, hakuna anayeitika. Tena ukifunga mlango, mvuke wa ukuta utatokea wapi? Kinachokausha ukuta ni upepo. Fungua madirisha kila siku, na watoto walale kwingine mpaka nyumba ikauke.

Katika Walawi 14 twasoma habari za nyumba yenye pigo ukutani. Kuhani hakukata neno siku ile. Alingoja siku saba, kisha akarudi kutazama. Nawe ngoja, urudi kutazama. Wageni wako watakula na kufurahi hata kama ukuta haujapakwa rangi.