PXE-E53 na kompyuta kuukuu zisizo na diski

Ijumaa usiku. Saiba yangu mtaani inafaa kufunguliwa Jumatatu, kodi nishalipa, na mbele yangu kuna Pentium 4 sita nilizonunua kwa bei ya kutupa, zote bila diski. Mpango ni ziwake kupitia waya wa mtandao, laptopu yangu iwe seva. Nilipoacha chuo mzee aliniuliza, "Sasa utakula kompyuta?" Swali hilo halijanitoka.

Mashine isiyo na diski ikiwashwa hupiga kelele kwenye mtandao: nipeni anwani, na mniambie faili la kuanzia liko wapi. DHCP ndiyo hujibu, kisha faili linavutwa kwa TFTP. Ikikwama, soma namba iliyo kwenye skrini, usikisie kama nilivyofanya.

PXE-E61 ilikuwa waya uliolegea, basi. E51 maana yake hakuna aliyejibu: laptopu yangu ilikuwa imefunga mlango wa UDP 67. Nikaufungua.

E53 ndiyo ilinila usiku. Mashine imepata anwani lakini haijaambiwa jina la faili. Nilibadilisha faili, nikabadilisha folda, nikazima na kuwasha hadi jirani akagonga ukuta. Kumbe nilipochomeka ruta ili nipate intaneti, nilikuwa na wagawaji wawili wa anwani, na ruta ilikuwa inawahi kujibu. Yenyewe haijui chochote kuhusu faili langu! Dawa ni kuweka dnsmasq katika hali ya proxy: ruta igawe anwani, laptopu itaje faili tu, pxelinux.0. La UEFI halifai hapa, hizi ni mashine za BIOS.

Menyu ikatokea, nikaruka. Halafu skrini ikasema prosesa ni i686 na mfumo unataka x86-64. Manze! Nilikuwa nimeweka Debian 13, ambayo haina tena kiini cha mfumo cha biti 32. Nikarudi Debian 12 ya i386.

Jumatatu mzee alipita akakuta nne zinawaka. Akaketi kwenye moja, akaniuliza kuchapisha ukurasa ni pesa ngapi. Mbili zilizobaki kadi zake za mtandao hazina PXE kabisa, kwa hivyo leo usiku nazichomea iPXE kwenye CD.