Twendeni Shamba Tukasome

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata jawabu ya kutosha: kuna faida gani chama kutoa fedha za gari kuwapeleka watu kutazama mashamba ya wenzao, na hali kila mmoja wetu amezaliwa chini ya mkarafuu? Swali ni la haki, kwani fedha ni zenu. Twaona yafaa tulijibu hapa, na tuanze kwa kukiri kosa letu.

Safari yetu ya kwanza haikuwa somo. Tulijaza gari, tukaimba njia nzima, tukafika, tukala pilau, tukapita shambani mara moja tukisifu, tukarudi. Siku ya pili yake hapana aliyeweza kusema amejifunza nini. Ilikuwa karamu, na karamu si vibaya, lakini si kazi ya fedha za chama.

Safari ya pili tuliifanya vingine. Ilikuwa baada ya masika, na wengi wetu tulikuwa na uchungu mmoja. Miche tuliyopewa bure na Serikali, tukaipanda wakati wa vuli, ilikufa kwa wingi lilipoingia jua la kaskazi. Bwana shamba alikwisha kutueleza mkutanini namna ya kupanda. Tuliitikia, tukarudi makwetu, na miche ikafa vile vile. Basi tukachagua watu 12 tu, 4 kati yao vijana, tukawapa swali moja la kwenda nalo: kwa nini miche yetu inakufa?

Mwenyeji wetu, mama mtu mzima, alitupokea akasema, "Wanangu, iliyo hai mtaiona baadaye. Kwanza njooni muone maiti zangu."

Akampa kijana mmoja jembe, akamwambia afukue mche uliokauka. Tukaona kiriba cha plastiki kimo chini bado, na mzizi mkuu umejizungusha ndani yake kama kamba. Mche wa pili ulikuwa umetolewa kiriba, lakini shimo lilikuwa fupi na mzizi umepindwa. Wa tatu mizizi yake ilikuwa salama. Uliuawa na jua, maana haukuwa na kivuli. Kisha ndipo akatupeleka penye miche iliyo hai, chini ya migomba, majani yake yanameta.

Mwenzetu mmoja, mkulima wa miaka mingi, alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Mimi viriba vyangu sikuvichana." Kila mwaka alikuwa akisikia kwamba kiriba kitolewe, naye akidhani kitaoza chenyewe. Alilolisikia miaka yote hakulishika mpaka alipoliona siku ile. Walimu wetu wa chuoni walikuwa wakisema kwamba khabari si sawa na kuona kwa jicho.

Na faida ni hii, ndugu zetu. Mkulima wa mpunga akikosea, hujua kabla ya msimu kwisha, akajirekebisha msimu ujao. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 au zaidi. Mwenye kupoteza mche amepoteza miaka, na umri hautoshi kwa mtu kujifunza kwa makosa yake peke yake. Hana budi kuazima makosa ya mwenziwe.

Tena njia hii imejaribiwa kwengine. Mwaka 1989 huko Indonesia, nchi yenye visiwa vya Maluku ulikotoka mkarafuu, wakulima wa mpunga walianza kukutana kila wiki shambani, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Waling'oa mimea, wakatazama wadudu, wakachora walichokiona na kukijadili kabla ya kupiga dawa. Mtindo huo ulienea nchi nyingi hata ukafika kwetu, nasi twauita shamba darasa.

Basi kamati inaleta shauri hili. Safari isitoke bila swali lililokubaliwa kabla. Wanaokwenda wawe wachache, na kila mmoja atie mkono kazini. Na akirudi, kabla ya wiki kwisha awaite majirani watatu shambani kwake awaonyeshe alichokiona. Hili la mwisho baadhi yetu hatukulitimiza mara iliyopita, na asiyelitimiza asipewe nafasi tena.

Mkutano ujao tutapiga kura. Anayepinga aje aseme, twataka kumsikia. Lakini kabla ya kuja, tafadhali chukueni jembe, mfukue mche mmoja uliokufa, mtazame mzizi wake. Vuli haiko mbali, na miche mingine itakuja.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wenu