Kutafuta Rangi Halisi ya Gari Musoma, Bunda na Butiama

Gari likikwaruzwa na pembe ya ng'ombe njiani Butiama, au na mkono wa bodaboda katikati ya Bunda, swali la kwanza la fundi huwa fupi: "Bosi, hii si nyeupe tu?" Hasara nyingi huanzia hapo. Nyeupe za Toyota peke yake zinazopita barabara ya Bunda na Musoma si moja. Hiace na Probox nyingi zina nyeupe namba 058. Magari mengi ya nyumbani yana 040. Harrier na Alphard zenye nyeupe ya lulu huwa 062 au 070, na hizo zimejengwa kwa tabaka tatu: nyeupe ya chini, tabaka la chembe zinazometameta, kisha klia juu. Ukipuliza 040 kwenye mlango wa 070, kiraka kitaonekana tangu upande wa pili wa barabara.

Kuisoma namba hakugharimu kitu. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani, fungua boneti utafute kibati kilichopigiliwa ukutani nyuma ya injini, kisha tafuta neno COLOR au herufi C/TR. Herufi na tarakimu tatu za mwanzo ndizo rangi ya nje, kama 1F7, ile rangi ya fedha iliyoenea mno. Zinazofuata ni za viti na mapambo ya ndani. Nissan nyingi nazo huweka kibati ndani ya boneti. Honda hubandika stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na Toyota za miaka ya karibuni hufanya hivyo pia. Kadi ya usajili haitakusaidia hapa, kwa sababu jina la rangi peke yake halimtoshi mchanganyaji. Kuwa mwangalifu pia kama gari lilishapakwa upya. Kibati hubaki na namba ya kiwandani hata kama mlango ulishabadilishwa. Kama ulikabidhiwa karatasi ya mnada wa Japani, iangalie: alama W huonyesha mahali palipowahi kunyooshwa, na XX huonyesha kipande kilichobadilishwa.

Sasa tuje kwenye chaguo. La bei ya chini ni chupa ndogo yenye brashi. Inafaa kwa vidonda vya kokoto kwenye boneti, visivyozidi ukubwa wa punje ya mtama, na kwa rangi zisizo na chembe: nyeupe ya 040 au 058, nyeusi ya 202. Safisha, kausha, dondoshea kidogo, acha ikauke, rudia. Kwa mkwaruzo mrefu brashi huacha mstari mnene unaokera kuliko mkwaruzo wenyewe. Kopo la kupuliza la dukani, lisilo na namba ya gari lako, nalinunulia ringi na vyuma vya chini tu. Kwenye mlango siliamini.

Chaguo la pili ni fundi anayechanganya kwa jicho. Wapo mafundi wenye macho makali sana mkoani humu, na kwa nyeupe ya kawaida au nyekundu isiyo na chembe kazi yao hutosha kabisa. Shida huanza kwenye rangi ya fedha na nyingine za metaliki. Ndani yake mna vipande vidogo mno vya aluminiamu, na jinsi vinavyolala ndivyo rangi inavyoonekana. Rangi ileile ikipulizwa kavu kutoka mbali huonekana nyepesi. Ikipulizwa mbichi na nzito, hukoza. Kwa hiyo fundi anaweza kupata mchanganyiko sahihi na bado akakosa mlango.

La tatu ni rangi iliyopimwa kwa mizani kufuata fomula ya namba yako. Kwa kazi ya namna hiyo wengi huagiza Mwanza, yapata kilomita 220 kutoka Musoma, na kopo huja na basi. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha: fomula hutoa rangi ya gari jipya, na gari lako si jipya. Musoma iko karibu na ikweta, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na jua la hapa hupausha paa na boneti kuliko milango. Ndiyo maana rangi "sahihi kabisa" huweza kuonekana ngeni kwenye gari la miaka 15. Piga polishi kwanza eneo linalozunguka mkwaruzo, uone rangi iliyoko chini ya ukungu ule. Kisha, badala ya kutuma namba peke yake, ng'oa kifuniko cha mlango wa tenki la mafuta ukitume pamoja nayo, ili mchanganyaji arekebishe kwa kukitazama. Kifuniko hicho kiko ubavuni, hivyo kitalingana na milango kuliko boneti. Kama kazi ni ya boneti, mweleze mapema.

Rangi na tina hushika moto upesi. Mwambie wakala wa basi kilichomo ndani ya kifurushi. Usikifiche ndani ya begi la nguo.

Kwenye bei, watu hutazama kopo na kusahau kazi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiohusu gereji yoyote: fundi anataka 100,000 kwa mlango, na ndani yake rangi ya kukisia ni 20,000. Rangi ya kupimwa pamoja na usafiri iwe 45,000. Umeongeza 25,000, na inauma. Lakini mlango ukikataa, msasa, praima, klia na siku ya fundi vyote vinarudiwa, na hiyo ni 100,000 nyingine. Maana yake, kukosea mara moja kati ya nne kunatosha kufuta akiba yote uliyodhani umeipata. Kwa rangi ya fedha, mimi siwezi kucheza bahati nasibu hiyo. Kwa nyeupe ya Probox, naicheza bila wasiwasi.

Uliza pia kazi itaishia wapi. Kwenye metaliki, fundi mzuri huipeleka rangi ikififia kidogokidogo hadi kipande cha jirani, kisha hukifunika chote kwa klia ili mpaka usionekane. Kwa hiyo mkwaruzo wa mlango mmoja waweza kudai klia ya vipande viwili au vitatu. Anayekutajia bei ya mlango peke yake huenda ni rahisi kwa sababu ameiacha hatua hiyo. Kwa lulu ya 070 bei hupanda zaidi, na mkwaruzo mdogo wa rangi hiyo ningeupiga polishi tu na kuuacha.

Klia yenyewe ina daraja zake. Rangi na klia za NC hukauka upesi na ni nafuu, ila hupoteza mng'ao juani na huyeyuka tina ikidondokea. Za 2K huchanganywa na hadna na hudumu miaka mingi. Mvuke wake unaweza kuleta pumu, kwa hiyo fundi asiye na barakoa ya kweli anajiumiza, na watoto wasisogezwe karibu.

Huna sababu ya kukurupuka. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, hivyo bati lililochubuliwa Musoma haliliwi kwa kasi ya Tanga au Dar es Salaam. Bampa la plastiki haliliwi na kutu kabisa. Pakaa praima kidogo panapoonyesha chuma, hasa mvua za Machi zikikaribia, kisha subiri hadi upate pesa ya kazi nzuri.

Siku ya kazi, kabla hujalipa hata nusu, mwombe fundi apulize rangi na klia kwenye kipande cha kadi, ikauke, mkaishike pamoja ubavuni mwa gari nje juani, mbele na kwa pembeni. Ikikataa kwenye kadi, itakataa kwenye mlango. Fundi asiyekubali jaribio hilo, mshukuru na uondoke na gari lako.