Barua Imefika, Cheti Kimebaki: Utangulizi

Kutoka Runyenjes hadi Nkubu, na kupanda mpaka Maua, barua pepe siku hizi hubeba karatasi zilizokuwa zikipelekwa kwa bahasha ya kaki: vyeti vya KCSE, nakala za kitambulisho, mahesabu ya chama cha ushirika cha kahawa. Karatasi hizo zikikwama, wengi hulaumu mtandao, huzima kompyuta na kuiwasha tena, kisha hukimbilia saiba muda wa maombi ukiwa umebaki saa chache. Kurasa zinazofuata zinamkaribisha msomaji katika elimu ya kutafuta chanzo cha hitilafu. Haihitaji shahada wala vifaa vya bei ghali. Inahitaji swali moja liulizwe kabla ya kitufe chochote kuguswa: faili limekwamia wapi?

Ili kulijibu, ni lazima kwanza tujue kiambatisho ni nini hasa. Utaratibu wa kusafirisha barua pepe uliowekwa na Jon Postel mwaka 1982 ulibeba maandishi tu, kwa seti ya alama 128. Picha haikuwa na nafasi humo. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni ziitwazo MIME, na mpaka leo tunazitegemea: faili hugeuzwa kuwa mfululizo wa herufi na kuandikwa ndani ya barua yenyewe, kisha kompyuta ya mpokeaji huligeuza tena kuwa faili. Kila baiti tatu huwa herufi nne, hivyo mzigo huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Gmail huruhusu viambatisho vya MB 25 kwa barua moja. Seva ya ofisi yenye kikomo cha MB 10 inaweza kukataa faili la MB 8, kwa sababu huipima barua ikiwa imekwisha kuvimba. Mtumaji anaona 8 kwenye kioo chake na haelewi kosa liko wapi.

Ukubwa huo mara nyingi hutokana na kuskani. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi huwa na pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi, kila pikseli huchukua baiti tatu, na ukurasa mmoja unafika MB 26 kabla ya kubanwa. Ukishuka hadi nukta 150, mzigo unabaki robo. Cheti kilichopigwa chapa husomeka vizuri kwa 150. Chenye mhuri mdogo nakipa 200. Sijaona sababu ya kuskani barua ya maombi kwa 600.

Yapo pia makosa yasiyohusiana na ukubwa. Mtu huburuta alama iliyo kwenye uso wa kompyuta akidhani ni cheti, kumbe ni njia ya mkato tu, yenye KB moja au mbili, na Gmail huizuia. Faili likiwa bado wazi kwenye Word, nakala inayokwenda huenda ikawa ile ya mwisho kuhifadhiwa, bila marekebisho ya asubuhi hii. Na faili la OneDrive laweza kuonekana kwenye folda ilhali lenyewe liko winguni, yaani kwenye seva za mbali. Bila intaneti halifunguki.

Njiani napo kuna mengi. Bando la simu likigawiwa kompyuta nyumbani, kupakia kwa kawaida huwa polepole kuliko kupakua, hasa nyuma ya kilima. Faili la MB 20 ni biti milioni 160: kwa kasi ya Mbps 1 linahitaji sekunde 160 bila kukatika hata kidogo. Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni hili: andika sentensi moja kwenye faili la maandishi, uliambatishe. Likikubali, kompyuta na kivinjari havina neno. Shughulikia ukubwa au aina ya faili lako. Likikataa, fungua dirisha la faragha la kivinjari ujaribu tena. Likipita humo, mkosaji huenda ni programu-jalizi au kumbukumbu za zamani za kivinjari. Badilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha matatu kwa pamoja na barua ikaenda, kesho itakapokwama hutajua uanzie wapi.

Mwisho ni upande wa mpokeaji, na hapa ndipo ushahidi bora hutupwa. Barua ya Kiingereza kutoka kwa Mailer-Daemon, programu ya seva inayoripoti barua iliyoshindwa kufika, hufutwa haraka kama uchafu. Isome. Namba ya kosa inayoanza na 4 maana yake ni kizuizi cha muda, na seva itajaribu tena. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja. Ukiona 5.2.2, sanduku la mpokeaji limejaa, na hata ubane cheti namna gani hakitaingia; mpigie simu. Ukiona 5.3.4, barua ni kubwa mno; punguza au gawanya.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, keti kwenye kompyuta yako ujitumie faili la sentensi moja, kisha cheti chako kimoja kilichoskaniwa. Andika ukubwa wa kila kimoja na muda kiliotumia kufika. Tutazihitaji takwimu hizo.